Shuka Lenye Masikio

Sogeeni hapa, tuanze na bwana mmoja mnene.

Mwaka 1977, huko Brooklyn, New York, daktari Raymond Damadian na vijana wake wawili, Michael Goldsmith na Larry Minkoff, walikuwa wameunda mashine ya kuchungulia ndani ya mwili bila kisu, ya aina tunayoiita leo MRI. Sumaku yake waliisuka wenyewe. Ili mashine isikie chochote, mtu alivaa kifuani duara la kadibodi lililozungushiwa shaba. Duara hilo ndilo sikio la mashine. Mafundi huliita koili. Damadian akajitosa wa kwanza. Akakaa, akasubiri. Kimya. Wakakisia kwamba mkubwa wao alikuwa mnene mno kwa koili ile. Wiki kadhaa zikapita, macho yote yakamgeukia Minkoff, kijana mwembamba kama ufito. Tarehe 3 Julai akaingia yeye, akatulia kwa muda wa karibu saa 5, ikapatikana picha ya kifua chake.

Watu wakisimulia kisa hiki husifu sumaku. Mimi hukumbuka lile duara la kadibodi: kwa makisio yao, kazi yote ilikwama kwa kuwa sikio halikumkaa mtu vizuri.

Sasa sikio hilo husikia nini? Mwili wako umejaa maji, na ndani ya maji kuna haidrojeni. Sasa fikirini pia, kile kichezeo cha watoto; mmeichezesha, bila shaka. Huzunguka huku ikiyumba, kichwa chake kikichora duara hewani. Viini vya haidrojeni huyumba vivyo hivyo vikiwa ndani ya sumaku kali. Katika mashine ya MRI ya tesla 1.5, ambayo nguvu yake ni kama mara 30,000 ya usumaku wa dunia unaoelekeza dira, huyumba mara milioni 64 hivi kila sekunde. Hayo ni masafa ya redio, chini kidogo ya zilipo stesheni za FM. Mashine hupiga wimbi la redio la masafa hayohayo, viini vikaamshwa, kisha hunyamaza na kutega sikio. Viini hujibu, lakini kwa mnong'ono. Ndiyo maana kuta za chumba cha MRI huzungushiwa shaba, taarabu ya redioni isije ikaingilia mazungumzo. Ndiyo maana pia koili hulazwa karibu kabisa na ngozi. Mnong'ono hausikiki ng'ambo ya mto.

Kwa miaka mingi koili nyingi zilikuwa ngumu kama gamba la kobe. Mwenye tumbo kubwa alibanwa, mtoto alipwaya. Mwaka 1990 Peter Roemer na wenzake walionyesha namna ya kupanga koili ndogo kadhaa zisikilize kwa pamoja, kila moja na eneo lake. Leo vijikoili vya namna hiyo hushonewa ndani ya kitambaa laini, ukajifunika kama shuka asubuhi ya baridi.

Hapo raha ikazaa taabu. Koili ngumu hupachikwa mahali pake kitandani, na mashine inajua ilipo. Shuka huenda linakopelekwa na mkono. Leo mtaalamu amelilaza tumboni, kesho limepanda vidole vinne kuelekea kifuani, keshokutwa limegeuzwa, upande wa kichwani umekwenda miguuni. Wala msidhani mashine italiona kwenye picha zake. Shaba haina maji, na haidrojeni iliyomo kwenye plastiki hunyamaza upesi mno, hata haiwahi kusikika. Katika picha ya kawaida, shuka ni kama halikuwepo.

Mmoja wenu atauliza: si lipo juu ya mgonjwa, kuna ubaya gani? Upo. Tuseme linapigwa picha ini. Ini linatakiwa lifike katikati kabisa ya tundu la mashine, ambako sumaku imetulia sawasawa; mashine ikifuata shuka ili kulifikisha hapo, shuka lililohama litaipotosha. Na shuka likiwa na masikio 16, si yote ya kufunguliwa. Mwalimu anayemuuliza mtoto wa safu ya mbele hahitaji kelele za safu ya nyuma. Sikio lililo mbali na ini huleta vurugu, na pengine huangusha kivuli cha kiungo kingine juu ya ini, daktari akabaki anakuna kichwa.

Basi mashine hulitafutaje shuka isiloliona? Kwa marimba.

Marimba ina vipande vya mbao, kila kimoja na sauti yake. Fumba macho, mwenzio agonge. Mwenye sikio zuri atasema kimegongwa cha wapi. Mashine nayo hukugeuza wewe uliyelala kuwa marimba. Juu ya sumaku kubwa huongeza sumaku nyingine iliyoinama, yaani nguvu inapanda kidogo kidogo, tuseme kutoka miguuni kwenda kichwani. Viini vya upande wa kichwa vikayumba haraka zaidi, sauti ikawa nyembamba. Vya miguuni vikachelewa, sauti ikawa nene. Mwinamo wa militesla 10 kwa mita unatosha kutenganisha sentimita moja na jirani yake kwa zaidi ya hezi 4,000, yaani miyumbo 4,000 kwa sekunde. Kisha kila sikio la shuka huulizwa peke yake: wewe umesikia sauti gani kwa nguvu zaidi? Kwa kuwa kila sikio husikia zaidi nyama iliyo chini yake, jibu lake ndilo anwani yake. Mwinamo hurudiwa kutoka kushoto kwenda kulia, halafu kutoka mgongoni kwenda tumboni. Na kama shuka limegeuzwa, anwani zitajipanga kinyume, mashine ijue. Yote hayo kabla ya picha yenyewe kuanza.

Ziko mashine ambazo anwani hizo hazizitoshi. Zile zinazounganisha MRI na PET, kipimo kinachofuatilia dawa ya mnururisho iliyodungwa mgonjwa, hupokea pia miale ya gama kutoka mwilini, na shuka humeza kiasi kidogo cha miale hiyo njiani. Hapo inabidi kujua hata lilivyokunjika. Watafiti wamejaribu kulibandikia vidonge vya mafuta ya ini la samaki, ambavyo kwenye picha hung'aa kama nyota. Wengine wametumia kamera inayopima umbali. Mafuta ya samaki ndani ya mashine ya mabilioni ya shilingi! Mimi hilo hunichekesha kila mara.

Rudini kwenye shuka letu la masikio 16. Mgonjwa amelala, marimba imegongwa, majibu yanaingia. Masikio 14 yametaja anwani zao. Mawili kimya. Hayajaharibika: pembe ya shuka imening'inia nje ya kitanda, na chini yake hakuna mwili, ni hewa tupu. Mtaalamu anainuka kwenye kiti, anasukuma mlango mzito na kuingia.

"Samahani mama, nakufunika vizuri."