Si Mwili Uliozoea Dawa

Mgonjwa wa kifua kikuu anapomeza dawa bila kupata nafuu, jamaa zake husema: "Mwili wake umeizoea dawa." Kauli hiyo twaipinga, kwani hupotosha familia nyingi. Mwili haujazoea chochote. Aliyebadilika ni bakteria.

Bakteria huyo, aliyetambuliwa na Robert Koch mwaka 1882, hubeba maagizo ya uhai wake katika vinasaba vyenye takriban herufi milioni 4.4. Kila anapojigawa, kazi inayomchukua karibu siku nzima, huzinakili zote. Mnakili hakosi kukosea, na kosa moja likiangukia mahali fulani humwokoa. Dawa ya rifampisini huua kwa kuukaba mtambo ambao bakteria huutumia kusoma maagizo hayo. Jeni ya mtambo huo huitwa rpoB, na sehemu kubwa mno ya makosa yaletayo usugu hupatikana katika kipande chake cha herufi 81 tu. Herufi ikibadilika hapo, dawa hukosa pa kushika. Kisa cha isoniazidi chastaajabisha zaidi: humezwa ikiwa haina makali, na kimeng'enya cha bakteria mwenyewe ndicho huitia makali. Jeni ya kimeng'enya hicho, katG, ikiharibika, bakteria huacha kuinoa silaha ya kumwulia.

Makosa hayo hayaletwi na dawa. Hutokea hata kabla ya kidonge cha kwanza: kwa isoniazidi, takriban bakteria mmoja katika milioni moja, kwa rifampisini, mmoja katika milioni 100. Pafu lililotoboka laweza kubeba mamia ya milioni ya bakteria, basi sugu wa dawa moja hawakosekani. Ila kumpata aliye sugu kwa zote mbili kwa bahati tu ni mmoja katika trilioni 100. Ndiyo maana dawa hutolewa kadhaa kwa pamoja. Madaktari wa Uingereza walilijua hilo kwa uchungu katika miaka ya 1940, walipoijaribu streptomaisini peke yake: wagonjwa walipata nafuu, kisha wengi wakazidiwa tena, bakteria wao wakiwa wamekwisha kuwa sugu.

Mgonjwa anayeacha dawa kikohozi kinapotulia, au anayegawana vidonge na jamaa yake, huua walio dhaifu na kuwaachia sugu nafasi ya kuzaana. Lakini si kila mwenye kifua kikuu sugu alizembea. Wapo waliovuta hewani bakteria ambaye tayari ni sugu, na kuwalaumu hao ni kuwadhulumu.

Kipimo cha GeneXpert, kilichoidhinishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2010, hukichunguza kipande kile kile cha herufi 81 kutoka katika makohozi na kutoa jibu ndani ya saa mbili. Familia yenye mgonjwa iulize kliniki kama makohozi yake yamepimwa usugu wa rifampisini, na wanaolala naye chumba kimoja nao wapelekwe kuchunguzwa.