Kukopeshwa na Kukopeshana: Urejeshaji wa Mikopo Miongoni mwa Wakulima Wadogo wa Kinondoni na Temeke

1.0 Utangulizi

Makala haya yanachunguza mambo yanayoathiri urejeshaji wa mikopo katika vikundi na vyama vya ushirika vya wakulima wadogo pembezoni mwa Kinondoni na Temeke, Dar es Salaam. Kwa kawaida mambo hayo huelezwa kwa kutaja riba, mavuno na soko. Hoja ya makala haya ni kwamba uhusiano wa mkopaji na mkopeshaji nao una uzito, na kwamba sarufi ya Kiswahili imekwisha kuubainisha.

2.0 Mtendwa na Mtendani

Kiambishi -w- katika kukopeshwa humfanya mkulima kuwa mpokeaji tu. -An- katika kukopeshana humfanya kila mwanachama kuwa mdai na mdaiwa. Ndivyo ulivyo upatu: anayepokea leo ndiye atakayechanga kesho ili mwenzake apokee.

Ushirika nchini umepita katika hali zote mbili. Mwaka 1976 serikali ilivifuta vyama vikuu vya ushirika. Sheria ya 1982 ikavirejesha, na ile ya 1991 ikasisitiza uanachama wa hiari. Mkopo unaoshuka kutoka juu huonekana kwa urahisi kuwa ruzuku. Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, iliyowekwa kisheria mwaka 2018 kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, haina riba. Hata hivyo, ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zilitaja mara kwa mara marejesho yasiyokusanywa; mikopo hiyo ikasitishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Ni dhahiri, basi, kuwa kuondoa riba pekee hakutoshi.

3.0 Ardhi, Msimu na Dhamana

Mchicha huvunwa baada ya wiki tatu au nne. Mpunga hungoja miezi. Ratiba ya marejesho ya kila wiki humfaa mkulima wa kwanza, lakini humsukuma wa pili kukopa kwingine ili alipe, aghalabu ile mikopo ambayo watu wameipa jina la kausha damu.

Aidha, bustani nyingi zimo katika mabonde ya mito kama Msimbazi na Kizinga. Sheria ya mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, hivyo mkulima wa hapo hana hati ya kuweka rehani. Dhamana yake ni wenzake. Lakini wanaodhaminiana wakilima bonde moja, mafuriko kama yale ya Desemba 2011 huchukua tuta la mdaiwa pamoja na la mdhamini wake.

4.0 Hitimisho

Kukopeshana hufaulu pale wanachama wanapojuana, wanapolima mahali na mazao tofauti, na ratiba inapofuata mavuno. Methali isemayo kukopa harusi, kulipa matanga humzungumzia mkopaji mmoja. Katika kikundi, matanga huwa ya wote. Kwa hiyo, kabla ya fedha kutolewa, yafaa iulizwe: zisiporudi, ni nani atakayekosa zamu yake?