Kwa Nini Daftari Hufungwa Jioni

Wanachama wametuuliza mara nyingi kwa nini hatuandiki karafuu baada ya saa 12 jioni. Si uvivu wa karani. Daftari letu sasa limo katika kompyuta, katika programu ya PostgreSQL, na kila usiku mafaili yake hunakiliwa. Yakinakiliwa huku programu ingali ikiandika, nakala yaweza kutoka mbovu: kilo zimo, jina la mwenye mali halimo. Kwa hiyo kwanza twaiamuru ifunge. Huwatoa waliomo, hutangua maandishi yasiyotimia, huweka salama yaliyotimia, ndipo hulala. Kuchomoa waya wa umeme si kufunga. Ikiamshwa hulazimika kwanza kujitengeneza. Basi mwenye gunia la jioni asiondoke dirishani kabla ya kupewa stakabadhi.