Sheria ya Kutoa Mimba Ikifika Mezani kwa Muuguzi

Kila mswada wa afya ya uzazi ukifikishwa bungeni Nairobi, maaskofu hutoa taarifa, wanaharakati huwajibu, kisha siku chache baadaye nchi inarudia siasa zake. Kule Homa Bay na Migori, kaunti za kando ya Ziwa Viktoria, swali ni la vitendo zaidi. Muuguzi wa zamu katika zahanati ya ufuoni, tuseme Mbita au Muhuru Bay, akiletewa msichana wa miaka 15 mwenye mimba, sheria inamruhusu kufanya nini?

Inamruhusu zaidi ya anavyodhani.

Kifungu cha 26 cha Katiba ya 2010 kinasema uhai huanza mimba inapotungwa, na kwamba kutoa mimba hakuruhusiwi ila pale ambapo, kwa maoni ya mtaalamu wa afya mwenye mafunzo, kuna haja ya matibabu ya dharura, au maisha au afya ya mama imo hatarini, au sheria nyingine inaruhusu. Viongozi wengi wa makanisa waliipinga rasimu ya Katiba kwa sababu hiyo, pamoja na suala la Mahakama za Kadhi, na kifungu walikuwa wamekisoma sawasawa: afya ni jambo pana kuliko kunusurika kifo. Wapiga kura waliipitisha Agosti 4, 2010, wakikisoma kifungu kile kile.

Mtaalamu huyo si lazima awe daktari. Sheria ya Afya ya 2017 inamtaja pia muuguzi, mkunga na afisa wa kliniki, mradi awe na ujuzi na leseni. Ukiijua zahanati ya mashambani, utaelewa uzito wa hilo: daktari hayupo, muuguzi ndiye yote.

Lakini muuguzi huyo anaogopa, na ana sababu. Kanuni ya Adhabu, ambayo ni urithi wa wakoloni, bado ina kifungu cha 158 kinachomtishia mtoaji mimba kwa miaka 14 jela, cha 159 kinachompa mwanamke mwenyewe miaka 7, na cha 160 kinachompa muuza dawa miaka 3. Polisi hukamata kwa Kanuni ya Adhabu. Katiba unakuja kuitaja baadaye, ukiwa tayari kizimbani. Mwaka 2014 muuguzi mmoja alihukumiwa kifo kwa mauaji baada ya mwanamke kufariki. Mahakama ya Rufaa ikamwachilia 2017. Ile hukumu ya kifo ilisikika kila kituo cha afya. Kuachiliwa kwake wangapi walisikia?

Wizara ya Afya nayo iliongeza giza. Mwongozo wa kupunguza vifo vya utoaji mimba usio salama ulitolewa 2012, ukaondolewa Desemba 2013, na Februari 2014 mafunzo yakapigwa marufuku. Mwaka huo huo msichana wa kaunti jirani ya Kisii alinajisiwa, akashika mimba, mimba ikatolewa kiholela. Figo zikaharibika. Alifariki Juni 2018. Mwaka mmoja baadaye, Juni 2019, majaji watano wa Mahakama Kuu walitamka kuwa kuondolewa kwa mwongozo kulikuwa kinyume cha sheria, wakaagiza mama yake alipwe shilingi milioni 3. Walisema pia kwamba mimba iliyotokana na ubakaji au unajisi inaweza kutolewa ikiwa mtaalamu anaona inahatarisha maisha au afya ya mama, ikiwemo afya ya akili.

Uamuzi huo unaigusa kanda hii ya ziwa moja kwa moja. Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulikuta asilimia 23 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 katika Homa Bay, na vivyo hivyo Migori, walikuwa wamewahi kupata ujauzito. Kitaifa ni 15. Kwa Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006, aliye chini ya miaka 18 hana ridhaa ya kutoa. Kwa hiyo binti wa shule aliyepewa samaki na mvuvi kwa ule mtindo wa jaboya, yaani samaki kwa ngono, akatoka na mimba, ni mwathiriwa wa unajisi, hata kama wazee wamekaa kikao na kukubaliana fidia ya mbuzi. Hiyo haimaanishi kila mimba ya binti itolewe. Maana yake ni kwamba ana haki ya kupimwa na kusikilizwa na mtaalamu badala ya kufukuzwa mlangoni.

Akifukuzwa, hununua vidonge asivyojua kipimo chake, au humwendea wa mitishamba. Utafiti uliohusisha Wizara ya Afya ulikadiria kuwa mimba karibu 793,000 zilitolewa nchini mwaka 2023. Ukali wa Kanuni ya Adhabu haukuzizuia.

Anayeamini kuwa uhai huanza mimba inapotungwa ana nusu ya kifungu cha 26 upande wake, na namheshimu. Hana ruhusa ya kumtaka muuguzi aifute nusu ya pili. Bunge lioanishe vifungu vya 158 hadi 160 na Katiba. Serikali za kaunti za Homa Bay na Migori hazina haja ya kulingoja: afya imegatuliwa, basi ziwafunze wauguzi wao na kuwapa mwongozo wa maandishi.

Nawe msomaji, binti akianza kuvuja damu au kupata homa baada ya mimba kutoka, kwa sababu yoyote ile, mpeleke hospitali mara moja. Kumtibu si kosa. Kituo chenye uwezo kikimnyima huduma ya dharura, kituo ndicho kinachovunja Sheria ya Afya.