Panya, Simu na Kiambishi "hu-"

Wanafunzi wetu wa tafsiri hupenda sentensi hii: "Mionzi ya simu husababisha saratani." Kisarufi haina kasoro. Tatizo ni kiambishi hu-, kinachodai kwamba jambo hutokea siku zote. Je, utafiti wenyewe unasemaje?

Tuchukue utafiti wa National Toxicology Program ya Marekani, ambao ripoti zake za mwisho zilitolewa mwaka 2018. Panya wakubwa na panya wadogo (Kiingereza kina majina mawili, kwetu wote ni panya tu) walipigwa mawimbi ya simu mwili mzima kwa takriban saa 9 kila siku, dakika 10 yakiwashwa na dakika 10 yakizimwa, kwa muda wa hadi miaka 2. Panya wakubwa walianza tangu wakiwa tumboni mwa mama zao. Kipimo cha chini kabisa kililingana na kiwango cha juu kinachoruhusiwa Marekani katika sehemu moja ya mwili wa mtumiaji wa simu. Kile cha juu kilikuwa mara 4 yake.

Watafiti walipanga matokeo kwa ngazi, na ngazi hizo ndizo mtihani wa mfasiri. Uvimbe wa saratani katika neva za moyo wa madume ya panya wakubwa uliitwa ushahidi bayana. Uvimbe wa ubongo na wa tezi zilizo juu ya figo, katika madume hayo hayo, ni ushahidi kiasi. Kwa majike na kwa panya wadogo, ushahidi ni tata. Ajabu ni kwamba madume yaliyopigwa mawimbi yaliishi muda mrefu kuliko yale ambayo hayakupigwa! Mwanafunzi akifuta vivumishi hivyo amefuta matokeo yenyewe.

Neno "mionzi" nalo linapotosha, kwa sababu msomaji hufikiria eksirei na mabomu ya nyuklia. Mawimbi ya simu hayana nguvu za kuvunja kemikali za chembe hai kama eksirei; athari yake iliyothibitishwa ni joto. Mwaka 2011 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliyaweka katika kundi la "huenda". (Ndiyo, "huenda" nalo lina hu-, ila limekwisha kuganda.)

Kwa hiyo tunapendekeza: "Mawimbi ya simu huenda yakasababisha saratani." Neno "tata" bado linatusumbua, kwani baadhi ya wasomaji hulielewa kama "gumu". Mwenye istilahi bora atuletee idarani.