Mzee wa Ilseuri na dakika moja

Desemba iliyopita nikiwa nyumbani Kitengela, kijana wa jirani alinipeleka Kisaju kumwamkia babu yake. Kijana yuko mwaka wa tatu chuo kikuu, anasomea baiolojia. Chai ilipomiminwa nikamuuliza mzee ana miaka mingapi. Akanyamaza. Kitambulisho chake kina mwaka wa kuzaliwa, lakini mwaka huo aliukisia karani. Mjukuu ndiye aliyeniokoa: "Auntie, babu ni Ilseuri, mkono wa kulia."

Kwa asiyejua, rika la Kimaasai hutahiriwa kwa awamu mbili, mkono wa kulia ukitangulia, na Ilseuri walianza umorani mwishoni mwa miaka ya 1950. Basi mzee ana themanini na kitu. Kijana alikuwa ameshapiga hesabu kabla sijamaliza kupuliza chai yangu.

Nimeikumbuka hesabu hiyo kwa sababu wazazi wenzangu huku Marekani huniuliza kuhusu programu zinazowalipa wanafunzi wa shahada ya kwanza ili waingie katika utafiti wa uzee. Kwa nini zilikuwa zinawatafuta hasa watoto wa jamii ambazo hazionekani maabara? Taasisi ya Taifa ya Uzee iliundwa hapa mwaka 1974. Wazee Weusi wa Marekani hupata ugonjwa wa Alzheimer's karibu mara mbili ya wazee Wazungu, lakini katika tafiti zenyewe walikuwa wachache, iwe kama wachunguzi au kama wachunguzwa. Ndipo taasisi ikaanza kuvipa vyuo ruzuku, mojawapo ikiitwa ADAR. Mwanafunzi alipewa msimamizi na posho. Kwangu mimi posho ndiyo kiini cha jambo: kijana anayetuma pesa nyumbani hawezi kushinda maabara bure likizo nzima. Kawaida masharti yalidai uraia au green card, kwa hiyo aliyekuja kwa viza ya mwanafunzi hakuhusika. Tena mwaka 2025 serikali ilifuta ruzuku nyingi za aina hii, hivyo piga simu chuoni kwanza kabla mtoto hajajaza fomu.

Lakini turudi kwa Wamaasai, maana wameingia katika sayansi hii kitambo. Mwaka 1964 daktari George Mann wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt alichapisha matokeo ya kuwapima wanaume 400 wa Kimaasai huko Tanganyika. Walikuwa wakiishi kwa maziwa na nyama, na bado dalili za ugonjwa wa moyo zilikuwa haba. Mwaka 1972 akaja na mioyo ya wanaume 50 waliofariki. Safari hii mafuta yalionekana kwenye mishipa, mengi kama ya wazee wa Marekani, ila mishipa yenyewe ilikuwa imepanuka kadiri ya umri na damu ikaendelea kupita. Utafiti wa namna hiyo wote unasimama juu ya umri. Ukikosea rika, umekosea kila kitu, na mgeni anamtegemea mkalimani. Mkalimani jina lake haliandikwi juu ya makala.

Kumbukumbu ni hivyo hivyo. Kipimo kinachotumika sana duniani, cha mwaka 1975, kinamtaka mtu ataje tarehe na atoe saba katika mia, tena na tena. Koko, yaani bibi, ambaye hakukanyaga darasa atafeli akiwa na akili timamu. Wilayani Hai, ng'ambo ya Kilimanjaro ukitokea Loitokitok, watafiti wa Tanzania na Uingereza walitengeneza kipimo kingine, IDEA. Mzee anaulizwa kiongozi wa kijiji ni nani, anapanga njiti za kiberiti kwa mchoro aliooneshwa, anataja wanyama wengi awezavyo kwa dakika moja.

Sensa ya 2019 ilihesabu Wakenya takriban milioni 2.7 waliofikisha miaka 60. Kijana wetu angependa kuwachunguza. Alipata nafasi ya atachimenti Nairobi, bila malipo, nauli na chakula juu yake. Pesa za mkopo wa masomo wa HELB zilikuwa zimekwisha. Akaichukua kazi ya duka la M-Pesa Noonkopir, nami sikumlaumu.

Siku ile Kisaju nilimsimulia kuhusu Hai. Akatoa simu, akaweka dakika moja, akamwomba babu ataje wanyama. Mzee akataja simba, twiga, nyumbu, kisha akachoka na mchezo. "Muulize ng'ombe," nikasema. Akauliza upya kwa Kimaasai, rangi za ng'ombe. Mzee akaketi wima. Simu ililia, akaipungia mkono inyamaze, akaendelea: wa mabaka, wa kijivu, yule wa tumbo jeupe aliyekufa kwa ukame. Kijana aliacha kuhesabu, akatafuta kalamu.