Diski ikigoma kusoma: Kwa nini Linux ilibadili namba za makosa

Kompyuta ikigoma kufungua faili, mara nyingi jibu ni moja tu: kosa la kusoma au kuandika. Diski imekufa? Au ni waya tu umelegea? Hapo ndipo data huokolewa au hupotea.

Nani hutoa taarifa ya kosa?

Kila diski, SSD au flashi huendeshwa na draiva, yaani programu inayozungumza na kifaa kwa niaba ya mfumo endeshi. Kifaa kikifeli, draiva ndiyo inayopeleka habari juu.

Tatizo lilikuwa wapi?

Kwa miaka mingi draiva za Linux zilitumia namba za makosa za mfumo mzima, kama EIO (namba 5) au ENOSPC (namba 28, nafasi imeisha). Draiva iliweza kurudisha namba yoyote ile, na chache kati ya hizo zilikuwa na maana ya siri. Usipoijua, umekwama.

Kilichobadilika 2017

Toleo la Linux 4.13, lililotoka Septemba 2017, lilileta mabadiliko ya mtaalamu Christoph Hellwig: orodha maalumu ya diski iitwayo blk_status_t. Baadhi ya majibu yake:

• BLK_STS_MEDIUM: sehemu ya diski yenyewe ina hitilafu
• BLK_STS_TRANSPORT: njia ya kufikia diski ina shida
• BLK_STS_TIMEOUT: muda wa kusubiri umeisha
• BLK_STS_NOSPC: nafasi imeisha

Draiva ikichanganya namba za zamani na mpya, zana ya ukaguzi iitwayo sparse humuonya mwandishi wa programu.

Kwa nini ni muhimu?

Chukua seva yenye njia mbili za kufikia diski moja. Kosa likiwa la njia, ombi hupitishwa njia ya pili na kazi inaendelea. Likiwa la diski yenyewe, kuhama njia ni kupoteza muda, tena mfumo unaweza kuzima njia nzima ukidhani ni mbovu.

Na wewe je?

Programu za kawaida bado hupokea namba za zamani, kwani Linux huzitafsiri kabla ya kuzifikisha. Ila kwenye Linux, amri ya dmesg huonyesha zaidi. Ukiona "critical medium error", usianze kuwasha na kuzima: nakili data zako kwanza, ukarabati baadaye.